Kupenda Mahali ni Kazi

Kuna watu ambao ukiyafuata maisha yao tangu utotoni hadi kaburini, kila njia inakurudisha mahali pamoja. Mpiga picha Ansel Adams alikuwa mtu wa namna hiyo. Alizaliwa San Francisco mwaka 1902, na mwaka 1916, akiwa kijana wa miaka 14, wazazi wake walimpeleka kutembea katika bonde la Yosemite, kule kwenye milima ya Sierra Nevada, wakampa na kamera ndogo ya boksi ya Kodak. Tangu hapo hadi alipofariki Aprili 1984, hakuna mwaka aliouacha upite bila kurudi Yosemite. Alipiga picha hifadhi nyingine nyingi za taifa za Marekani, kuanzia majangwa ya kusini-magharibi hadi barafu za Alaska na volkano za Hawaii, lakini bonde lile moja ndilo lililomlea, likampa mke, likampa kazi na jina.

Mimi ni mpiga picha wa Moshi. Chakula cha wanangu kinatokana na harusi, kipaimara, mahafali na picha za pasipoti. Hata hivyo, kwa miaka mingi maisha ya mzee huyu ambaye sikuwahi kukutana naye yamekuwa yakinifunza. Kitabu cha picha zake nilikikuta katika studio ya baba yangu mdogo, aliyenifundisha kazi hii, jalada limechakaa kwa kushikwa na vidole vyenye dawa ya kusafishia picha. Wengi wakimtaja Adams husifia jicho lake. Somo ninalolipata mimi ni kwamba alichokipenda alikifanyia kazi: kwa miguu, kwa mikono na kwa kalamu. Na pale ambapo macho yake hayakufika, ametuachia sisi tuendeleze.

Nianze na miguu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, kabla jina lake halijajulikana, Adams alitumia majira kadhaa ya kiangazi akiwa mwangalizi wa nyumba ya Sierra Club pale bondeni. Hicho ni chama cha watu wapendao milima na utunzaji wake. Alipokea wageni, akawaongoza njiani, akapanda majabali, akajua jua linapita wapi mwezi gani. Wakati huo alikuwa bado anajiandaa kuwa mpiga piano. Muziki ndio aliokuwa amejipangia kuishi nao. Milima ilikuwa ikimfundisha taratibu, na yeye hakuwa na haraka ya kuvuna.

Tarehe 10 Aprili 1927 mafunzo hayo yalizaa. Siku hiyo alipanda na marafiki wachache, pamoja na Virginia Best, binti aliyekuja kuwa mkewe mwaka uliofuata, hadi kwenye ukingo wa mwamba unaotazamana na Half Dome, jabali linalosimama zaidi ya mita 1,400 juu ya sakafu ya bonde. Njia ilikuwa ya kukwea na yenye theluji, na mgongoni alibeba kamera kubwa ya mbao, stendi yake na vioo 12. Enzi hizo picha za namna hiyo zilinaswa kwenye bamba la kioo lililopakwa dawa: kioo kimoja, picha moja. Alipofika juu alikuwa amebakiwa na vioo viwili tu, na uso wa jabali ulikuwa bado umo kivulini. Akangoja.

Mwanga ulipoanza kuugusa ule uso, akapiga kioo cha kwanza kwa kutumia kichujio cha njano, kama ilivyokuwa desturi. Alipomaliza tu akatambua kwamba picha ile ingeonyesha umbo la jabali, lakini isingeonyesha uzito aliouhisi moyoni aliposimama mbele yake. Anga ingetoka na kijivu chepesi, na jabali lingepoteza ukali wake. Akakitoa kichujio cha njano, akaweka chekundu kizito, ambacho huzuia mwanga wa buluu na kuifanya anga ya mchana itoke karibu nyeusi. Akakitumia kioo cha mwisho. Picha hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango, na hadi uzeeni aliizungumzia kama siku aliyojifunza kuiona picha nzima akilini kabla ya kuipiga.

Vijana wanaokuja kujifunza studio kwangu huwa ninawasimulia habari ya vile vioo viwili. Wao hudhani somo ni ubahili: kwamba ukiwa na vichache utakuwa makini. Mimi huwaambia watazame nyuma zaidi. Kati ya 1916 na 1927 kuna miaka 11 ya kupita njia zile zile, na ndiyo iliyomwezesha kujua, katika dakika chache alizokuwa nazo, anga itatokaje na kivuli kitasogea kuelekea wapi. Adams aliijua Yosemite kama mzee wa Old Moshi anavyokijua kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani: mgomba upi unataka kukatwa, mfereji upi utakuwa na maji leo. Ujuzi huo haununuliwi pamoja na kamera. Unaletwa na kurudi.

Baada ya miguu ni mikono, na mikono ilifanyia kazi yake katika chumba cha giza. Adams, kwa kuwa alitoka kwenye muziki, alikuwa akisema kwamba negativu ni noti zilizoandikwa na mtunzi, na picha inayosafishwa kutokana nayo ndiyo muziki unaopigwa. Maneno hayo niliyaelewa kabla sijayasoma, kwa kumtazama baba mdogo. Taa nyekundu ikiwaka kwenye kona, alisimama mbele ya mashine ya kukuzia picha, mikono yake ikipita kati ya mwanga na karatasi. Akitaka uso wa bibi harusi utoke mweupe zaidi, aliutilia kivuli cha ncha za vidole kwa sekunde chache ili mwanga upungue hapo. Akitaka mawingu yaonekane, aliziba sehemu nyingine zote kwa kadi yenye tundu, akaacha mwanga uyaunguze mawingu peke yake. Kisha karatasi iliingia kwenye trei ya dawa, akaitikisa polepole, na sura ikaanza kujitokeza. Mimi niliona picha imekwisha. Yeye aliitoa nje, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akasema, "Mwanangu, hii haijaiva." Kisha akaanza upya na karatasi nyingine, ilhali karatasi ilikuwa ghali.

Adams alikuwa hivyo hivyo. Picha yake mashuhuri ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliipiga mwaka 1941, naye aliendelea kuisafisha upya kwa zaidi ya miaka 30. Nakala za mwanzo zina anga yenye mistari hafifu ya mawingu. Zile za uzeeni zina anga nyeusi, mwezi umesimama peke yake, na misalaba ya makaburini chini inang'aa. Negativu ilikuwa moja. Aliyekuwa amekua ni mwenye mikono. Hilo hunipa moyo ninapofungua faili la zamani kwenye kompyuta na kugundua kwamba leo naweza kuona ndani yake jambo ambalo siku ya kupiga sikuliona. Umri una faida yake kwa mtu ambaye hakuacha kazi.

Kuna upande wa maisha ya Adams ambao haupendwi kusimuliwa, nao ndio unaotufariji sisi watu wa studio. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, milima haikumlisha. Alipiga picha za matangazo na za makampuni, akafanya kazi za kuagizwa na majarida, na hizo ndizo zilizolipa gharama za nyumba. Fedha za uhakika kutokana na picha za milima zilimjia uzeeni, katika miaka ya 1970. Mwaka 1941 wizara inayosimamia hifadhi za taifa ilimpa mkataba wa kuzipiga picha hifadhi hizo ili zipambe kuta za jengo lake kule Washington. Malipo yalikuwa ya siku, na mwaka uliofuata vita vikaukatisha mradi. Wengine wangeishia hapo. Yeye vita vilipokwisha aliomba ufadhili wa taasisi ya Guggenheim, akaupata mwaka 1946 na tena 1948, akazunguka hifadhi zilizokuwa zimebaki. Kazi ya kulipwa hakuidharau, wala hakuiruhusu immalize.

Desemba hapa kwetu ni mwezi wa watu kurudi nyumbani. Magari yanatoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na hakuna Jumamosi isiyo na harusi, kipaimara au ubarikio. Kazi hiyo naifanya kwa moyo wote kwa sababu hao ni watu wangu. Na hiyo hiyo ndiyo inayoninunulia asubuhi za Januari, ninapotoka kabla ya jua kwenda kuutazama Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, mawingu hayajaufunika. Kijana akiniambia anaona aibu kupiga picha za pasipoti wakati ndoto yake ni hifadhi za taifa, namwambia asione aibu. Uso wa mtu anayeomba pasipoti unataka mwanga mzuri kama jabali linavyoutaka.

Ninapomheshimu Adams kuliko popote ni kwenye kalamu. Hifadhi za taifa na picha vimekwenda pamoja tangu mwanzo. Mwaka 1861 mpiga picha Carleton Watkins alibeba kamera kubwa mno hadi Yosemite, na picha zake zilisaidia kuwashawishi wanasiasa wa Washington, waliokuwa mbali kabisa na California, hadi Rais Abraham Lincoln akasaini sheria ya kulilinda bonde hilo mwaka 1864. Mwaka 1871 William Henry Jackson aliipiga picha Yellowstone, na mwaka uliofuata ikatangazwa hifadhi ya taifa ya kwanza. Adams alirithi jukumu hilo, akalibeba bila kulitua. Aliingia katika bodi ya Sierra Club mwaka 1934, akakaa humo hadi 1971. Mwaka 1936 alikwenda Washington na picha zake mkononi kuwaeleza wabunge kwa nini eneo la Kings Canyon lilindwe. Mwaka 1938 alitoa kitabu cha picha za Sierra Nevada, nakala moja ikamfikia waziri Harold Ickes, naye akamwonyesha Rais Franklin Roosevelt. Machi 1940 Kings Canyon ikawa hifadhi ya taifa.

Tazama miaka hiyo ilivyofuatana. Picha yenyewe ilichukua sehemu ndogo ya sekunde. Kilichobaki kilikuwa safari za treni, vikao, barua, na kurudia maelezo yale yale kwa watu wenye haraka. Aliandika barua maisha yake yote, kwa magazeti, kwa wabunge, kwa wakuu wa hifadhi. Mwaka 1983, akiwa na miaka 81, alikaa ana kwa ana na Rais Ronald Reagan kumweleza kwamba hakubaliani na sera zake za mazingira. Mzee wa umri ule, mwenye jina lile, angeweza kukaa nyumbani kwake Carmel akapokea sifa. Picha humfanya mtu apatamani mahali. Vikao na barua ndivyo vinavyoifikisha tamaa hiyo kwenye sheria. Nasi tujiulize, sisi tunaoweka mlima mtandaoni na kuhesabu waliopenda: mkutano wa kijiji ukiitishwa kujadili chanzo cha maji kilichovamiwa, huwa tunakuwa wapi?

Sasa nije kwenye lile ambalo macho yake hayakulifikia. Kuna picha yake moja ambayo nimekaa nayo muda mrefu. Inaonyesha Mlima Williamson, upande wa mashariki wa Sierra Nevada. Mbele kuna uwanda uliojaa mawe makubwa ya mviringo, yanaenda yakipungua hadi mbali, na juu ya milima miali ya jua inapenya mawingu ya dhoruba. Ukiitazama utadhani ni dunia kabla binadamu hajaumbwa. Lakini Adams aliipiga akiwa Manzanar, kambi ambamo wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Marekani iliwafungia watu zaidi ya 10,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia waliozaliwa Marekani. Aliingia kambini kuanzia mwaka 1943, akawapiga picha wakulima, wauguzi na wanafunzi kwa heshima kubwa, na mwaka 1944 akatoa kitabu cha kuwatetea, vita vikiwa bado vinapiganwa. Huo ulikuwa ujasiri. Ila katika picha ya mlima, ile iliyozunguka dunia, watu hao hawamo.

Yosemite nayo ilikuwa na wenyewe. Waliitwa Ahwahneechee. Mwaka 1851 kikosi cha wapiganaji wa kujitolea kiliingia bondeni, kikawafukuza na kuchoma vijiji na akiba zao za chakula. Baadhi walirudi, wakaishi wakifanya kazi kandokando ya watalii, hadi mwaka 1969, nyumba za mwisho za kijiji chao zilipoteketezwa na hifadhi yenyewe. Adams alikuwa bado hai. Katika picha zake mashuhuri za bonde lile hakuna moshi wa jiko la mtu yeyote.

Habari hii tunaijua kwa majina ya kwetu. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na kufikia 1959 Wamasai waliokuwa wakichunga humo walikuwa wametakiwa kuondoka, mipaka ikachorwa upya, na Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo ambalo wafugaji wataishi pamoja na wanyama. Mwaka huo huo ilitoka filamu kuhusu Serengeti ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, ambaye alifariki katika ajali ya ndege wakati kazi hiyo ikiendelea. Filamu ilishinda tuzo ya Oscar, ikaipatia Serengeti marafiki dunia nzima, na marafiki hao wamesaidia sana. Lakini picha za namna hiyo, zikirudiwa miaka nenda miaka rudi, humzoeza mtazamaji kuamini kwamba uzuri wa nchi hii hukamilika wenyeji wakishaondoka. Mwenye kuishi na imani hiyo hawezi kuona ubaya wa kuwaondoa.

Simtupi Adams kwa sababu hii. Kila mpiga picha huchagua cha kuacha nje ya fremu, na hana namna nyingine, kwa kuwa picha haiwezi kubeba dunia nzima. Wajibu wake ni kukijua alichokiacha, na siku nyingine arudi akipige. Ndiyo maana ninapoupiga mlima wetu, nawapiga pia wagumu wanaopandisha mizigo ya wageni, wazee wanaozibua mfereji, na mama anayeteremka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Huo nao ni mlima. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973. Watu walikuwa wakinywa maji ya mlima huo karne nyingi kabla ya hapo.

Studio ya baba mdogo imeniachia maboksi ya negativu. Siku ambazo mawingu yalikaa mbali, wateja wake walipenda kupigwa picha nje, Kibo ukiwa nyuma yao: mtoto wa ubatizo, maharusi, kijana aliyepata kazi bandarini. Walitaka kumbukumbu ya siku yao. Bila kukusudia waliweka na kumbukumbu ya mlima, kwa kuwa tangu 1912 Kilimanjaro umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Theluji ya msimu huja na kuondoka, lakini kingo za ile barafu ya kudumu, ukizilinganisha kutoka picha hadi picha, zinaonekana zikirudi nyuma.

Na hapa baba mdogo, fundi wa mtaani asiyejulikana nje ya mkoa, alimzidi Adams. Adams hakuwa na desturi ya kuandika tarehe. Ile picha ya mwezi wa Hernandez ilibidi wataalamu wa nyota wapige hesabu za mahali mwezi uliposimama ndipo ikajulikana kuwa ilipigwa tarehe 1 Novemba 1941. Baba mdogo aliandika kwenye kila bahasha jina la mteja, tarehe na mahali. Sasa ninazihamisha negativu hizo kwenye kompyuta, moja moja. Wazee wa jirani huja jioni kunisaidia kutambua ambao majina yao yamefutika, na mara nyingi hunitajia na mti uliokuwepo, na kijito kilichokuwa kikipita pale.

Kijana akiniuliza aanzie wapi, simwambii anunue lenzi. Namwambia achague mahali. Si lazima pawe na simba wala barafu. Chemchemi ya kijijini kwao inatosha. Arudi hapo masika na kiangazi, aandike tarehe kwenye kila picha, awaulize wazee majina ya watu na ya mito. Na siku diwani atakapoitisha mkutano kuhusu chemchemi hiyo, aende na picha zake, akae safu ya mbele, anyooshe mkono.